Kabla ya Taarifa ya Habari

Televisheni ya mtaa ilikaa ndani ya sanduku la bati,
juu ya nguzo mbili za zege, Kikwajuni,
na mwenye ufunguo alikuwa Ussi Makungu,
mtu wa kuchelewa kwa makusudi.

Jumanne tukiangalia mchezo wa Waingereza:
nyumba ya ngazi nyingi, watu wana makoti hata mezani,
kila mmoja ana siri na hakuna anayepaza sauti.
Hatukujua wanagombania nini.
Bi Biubwa alisema ni mirathi.
Pengine kweli; watu hawanuniani vile kwa jambo jengine.

Ami Vuai hakuja kwa ajili ya mirathi.
Alikuja na fidla yake ndani ya foronya,
akikaa nyuma, karibu na mtaro,
akisubiri wale wa makoti wanyamaze,
majina yaanze kupanda kama siafu ukutani
na ile nyimbo itoke.

Sauti nne zinateremka ngazi.
Ya tano inafika nusu, inasita,
inageuza shingo
kama mtu aliyesahau miwani chumbani.
Hapo Ami hufumba macho.
“Huyu,” husema, “kashawahi kufiwa.”

Alitaka jina lake.
Klabu yao haikupiga kitu bila ya kutaja mtunzi,
hiyo ni adabu, kama kubisha hodi.
Lakini Ami alisomea chuoni, hati za Kiarabu;
herufi za Kizungu kwake zilikuwa miba ya dagaa.
Mimi nilikuwa darasa la tano, macho makali.
Nikapewa penseli, nikawekwa mbele, nikaahidiwa shilingi.

Majina yalikwenda mbio.
Jumanne ya kwanza nilipata R na nukta.
Ya pili, umeme ulikatika.
Ya tatu, kichwa cha Mcha muuza urojo kilikuwa katikati.
Na kila tukikaribia, pap!
Ramani ya visiwa, mtangazaji na tai yake,
bei ya karafuu.
Nyimbo imechinjwa haijamaliza kusema.

Jumanne ya mwisho niliona jina zima, nikalidaka:
DORIS PIM.
Mbele yake palikuwa na neno refu nisilolijua.
Nikasema, ndiye.

Ami akaliandika daftarini, kulia kwenda kushoto,
dali, wau, ra,
polepole, kama anayetia uzi sindanoni.
Harusini kwa binti wa Shaame, ukumbini Miembeni,
akasimama, akajifuta jasho:
“Bashrafu hii ni ya Bwana Dorisi wa Ulaya,
Mungu amuweke.”
Ganuni ikaingia, kodiani ikavuta pumzi,
sauti nne zikateremka ngazi
na wanawake wakaacha kunong’ona.

Kisha ikafika pale inapokatwa.
Nilishika kiti.

Haikukatwa.
Ami aliendelea peke yake, fidla tupu,
akaipitisha mlango ambao hatukuwahi kuonyeshwa,
akaizungusha uani kwa bayati ya kwetu,
akairudisha, akaikalisha kitako.
Hata Ussi Makungu alilia, akasingizia moshi wa udi.

Nilipofika sekondari kamusi ikanifichulia lile neno refu:
msusi.
Bwana Dorisi alikuwa bibi,
na kazi yake ilikuwa vichana na pini.
Sikumwambia Ami. Alikuwa keshaanza kukohoa.

Sasa vijana wa klabu wanaipiga bado,
wanamtaja Dorisi bila ya kupepesa macho.
Mtunzi wa kweli ningeweza kumtafuta. Sijamtafuta.
Labda alifiwa kweli, labda alikuwa na njaa tu siku ile.
Linalonikera ni jengine:
nusu ya pili haina jina, hata la uongo.
Daftari limo kabatini mwangu,
pembeni pana nafasi, penseli ipo,
nami naiogopa hati yangu
itakayoanzia kushoto
igongane na yake katikati.